Itifaki ya Matundu Manne

Kwa furaha isiyo kifani, umma unajulishwa kwamba hatimaye Idara imerejesha nidhamu kwenye kompyuta yake.

Ilikuwa kompyuta moja tu, nzee, inayovuma kama mashine ya kusaga. Ina matundu manne ya kuchomekea vifaa, mawili mbele na mawili nyuma. Lipo na la tano, la mviringo, la kizamani, lakini hilo hukubali kipanya peke yake, kwa hiyo hakuna mkubwa aliyeligombea. Vitu vilichomekwa ovyo ovyo tu, mpaka siku ile Mkurugenzi alipoinama kuokota kalamu akaona kibodi imekaa mbele, na kifeni chake cha mezani kimebanwa nyuma kwenye utando wa buibui.

"Kibodi mbele, mimi nyuma?" aliuliza. "Hivi hii ofisi ina wenyewe kweli?"

Ikaundwa Kamati ya Itifaki ya Vifaa vya Pembeni. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaahirisha, ikakaa tena, kisha ikatoa uamuzi uliojaa busara: kila kifaa kitapewa tundu kwa cheo cha mwenye kifaa, wala si kwa kazi kinayofanya, na kifaa cha mtu hakitaguswa na mwingine. Mkurugenzi akatia saini.

Matundu ya mbele yakaenda kwa kifeni cha Mkurugenzi na simu yake. Ya nyuma yalichukuliwa na taa ya Naibu, ambaye alikuwa safarini, na kisahani cha umeme cha Ofisa Itifaki, ambacho kazi yake ni kuzuia chai isipoe. Kibodi na printa ni mali ya ofisi, na ofisi haina cheo. Vikawekwa kwenye benchi la korido, visubiri pamoja na wananchi.

Mpiga chapa aliyapokea mageuzi haya kwa moyo mkunjufu, ila siku hiyo roho ilikuwa juu. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi wa kwanza, mji wa jirani, na basi la mwisho lilikuwa linaondoka alasiri.

"Mzee, naomba ruhusa. Mwanangu anajifungua."

"Hongera sana, mama. Leta ombi."

"Hili hapa, nimeandika kwa mkono."

"Kwa mkono?" Mkurugenzi alimwonea huruma. "Hii ni ofisi ya kisasa. Kapige chapa."

"Basi nichomeke kibodi."

"Kibodi ya nani?"

"Ya ofisi."

"Na huyo ofisi ana cheo gani?"

Kweli, ofisi haikuwahi kupandishwa cheo.

Hapo kompyuta ikalia. Ujumbe wa Makao Makuu ukajaa kwenye kioo: wakurugenzi waliofikia umri wa kustaafu, wanaotaka kuongezewa muda, wajibu kwa kuandika hapa hapa kabla ya saa tisa. Simu hazitapokelewa. Atakayekaa kimya atahesabiwa amechoka.

Mkurugenzi hakuwa amechoka hata kidogo. Na saa nane na nusu ilikuwa imeshapita.

"Leteni kibodi!"

Ofisa Itifaki, ambaye ndiye angekuwa kaimu, alipiga funda la chai ya moto. "Ya nani, mzee?"

"Yangu! Natangaza ni yangu! Na printa pia!"

"Basi chomoa vyako. Changu na cha Naibu havigusiki. Saini ni yako mwenyewe."

Kifeni kikatoka, simu ikatoka, kibodi na printa vikaingia. Mkurugenzi akaanza kuvuja jasho. "Mama, njoo uandike upesi!"

"Kifaa cha mkubwa siwezi kukigusa, mzee, nitafukuzwa kazi." Mpiga chapa aliinamisha macho kwa adabu. "Ila naweza kukutajia herufi. Na kwa kuwa vidole vyako havijazoea, tuanze na barua fupi ya mazoezi."

"Haya, taja!"

"R, ile ya juu pale. Sasa U."

Kwa kidole kimoja, ulimi nje, Mkurugenzi aliimaliza barua. Wakaijaribu na printa, ikatoa karatasi safi. Wakaijaribu na kalamu, saini nayo ikakubali.

"Sasa yangu!"

Mpiga chapa alikuwa ameshatundika mkoba begani. "Soma mstari wa mwisho, mzee."

Mkurugenzi alisoma alichokiandika mwenyewe: likizo inaanza dakika hii, na mtumishi asisumbuliwe kwa shughuli yoyote ya kiofisi.

"Lakini mama, N iko wapi?"

"Kazi njema, mzee."

Basi alilipata, na mjukuu alizaliwa bibi yake akiwa mlangoni, akilia kwa furaha.

Mkurugenzi yeye aliipata N. Alikuwa bado anaitafuta D saa tisa ilipofika, na Makao Makuu yakampongeza kwa kukubali kupumzika. Aliombwa aondoke na vifaa vyake binafsi. Ofisa Itifaki, mtu wa kanuni, alisimamia zoezi hilo mwenyewe, na mzee akashuka ngazi na kifeni mfukoni, kibodi mkononi, printa kwapani.

Kaimu Mkurugenzi alikuwa hajakikalia kiti vizuri kompyuta ilipolia tena. Anayekubali kukaimu, Makao Makuu yaliandika, athibitishe kwa kuandika hapa hapa kabla ya ofisi kufungwa.

Alikimbilia dirishani, nusura aanguke nje.

"Mzee! Mzee wangu! Shikamoo!"

Mzee alipandisha kioo cha teksi.