Kompyuta Iliyogoma Nanganga

Nachingwea ina watu wengi wema, na ina Yunusi. Watu wema ni wengi mno kutajwa. Yunusi ni mmoja, anatosha.

Alikuwa kijana mtanashati. Shati lake lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na mfukoni alichomeka kalamu tatu, ingawa yenye wino ilikuwa moja. Watu walimwita Injinia. Hakuwahi kuwakatalia, kwa sababu mama yake alimlea asiwavunje watu moyo.

Jumatatu hiyo alisimama karibu na vibanda vya mafundi simu akimsubiri mjinga. Hakuwa na haraka. Mjinga ni riziki, haji kwa kuitwa.

Akaja bibi mmoja mfupi, amejitanda khanga safi, ameongozana na binti mwenye ushungi wa kijani. Bibi akainamia kibanda cha fundi.

"Mwanangu, hizi kompyuta za kufunika na kufunua, mtu huzichaguaje?"

"Inategemea, mama," fundi akajibu bila kuinua kichwa.

Neno hilo lilimwingia Yunusi sikioni kama asali. Mtu anayeuliza "huzichaguaje" ana hela tayari, kilichobaki ni kumsaidia kuzipoteza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo? Umekunywa chai?"

Yunusi alisita kidogo. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa swali hilo na mtu asiyeuza chai. Akajikaza.

"Nimekunywa, bibi. Nimesikia unatafuta laptop. Kuchagua laptop ni elimu. Ukikosea, unarudi nyumbani na redio yenye mfuniko."

Bibi akashika kifua. Aliitwa Bi Mwanaheri, mkulima wa Nanganga, na binti alikuwa mjukuu wake, Zuhra. Zuhra alikuwa amepata chuo cha ualimu, na chuo kilitaka kila mwanafunzi aje na kompyuta yake. Ufuta wote wa mwaka ule ulikuwa umeuzwa, na hela yake ilifungwa kwenye pindo la khanga ya bibi. Ikipotea hiyo, hakuna nyingine, na hakuna chuo.

Sasa, ili tusimwonee Yunusi, tueleze kazi yake kama ilivyokuwa. Alikuwa na laptop mbili nyeusi zinazofanana kabisa. Ya kwanza ilikuwa nzima, lakini haikuwa yake. Aliichukua kwa Kornel, mwenye duka la kutoa kopi, kwa ahadi kwamba Ijumaa atarudisha laptop au bei yake kamili, na akaweka pikipiki yake rehani. Ya pili ilikuwa gamba tupu. Matumbo yake yaliuzwa zamani, na ndani aliweka jiwe bapa lililofungwa kwa kitambaa ili iwe na uzito. Mteja alionyeshwa nzima, akafungiwa gamba. Kazi safi, haina jasho.

Akaifunua ile nzima juu ya benchi. Ikawaka, ikaimba.

"Ina umri gani?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Miaka miwili, bibi. Bado kigori."

"Imewahi kuugua?"

"Hata siku moja. Kuna virusi huko duniani, lakini hii imechanjwa."

"Kadi ya chanjo ipo?"

Yunusi akagusa mfuniko. "Ya kompyuta hukaa humohumo ndani."

"Na inakula sana?"

"Inakula umeme saa mbili, inashinda siku nzima."

"Hapo vizuri. Mlafi hafugiki."

Zuhra akauliza diski yake ni ya aina gani. Yunusi akamwambia ushungi wake umempendeza.

"Na kumbukumbu?" Zuhra akauliza tena.

"Nane. Gigabaiti nane!"

"Nane tu?" Bi Mwanaheri akasikitika. "Mimi na uzee huu nina zaidi ya hizo. Haya, pengine itaongezeka ikikua. Na huyo mwingine ndani ya begi?"

"Huyo ni wa mteja wa kijiji cha Mtua. Ni pacha wa huyu, bibi. Wametoka tumbo moja."

Alilisema hilo kwa madaha, na wengi wetu huchimba kaburi letu hivyohivyo, kwa madaha.

Akataja bei: laki mbili. Ilikuwa bei ya kutupa, kwa kuwa Yunusi alikuwa akiuza jiwe, na jiwe aliliokota. Bi Mwanaheri akafurahi, akaomba dua fupi, kisha akasema, "Haya, twende."

"Wapi, bibi?"

"Nanganga. Kwetu mnyama haachwi sokoni, baba. Mwenyewe humleta mpaka nyumbani. Akala, akalala, akaamka mzima, hapo ndipo hela inatoka."

"Bibi, hii ni kompyuta!"

"Ndiyo. Kwani yenyewe haitaki kupajua kwake?"

Yunusi akatazama pindo la khanga. Akaona heri kulala ugenini usiku mmoja kuliko kuiacha laki mbili ipande gari peke yake. Akaenda.

Nanganga walimpokea kama mkwe. Alitengewa maji ya moto ya kuoga, jirani akaleta godoro lake mwenyewe, na jogoo mmoja akaaga dunia kwa ajili yake. Laptop nayo ilitandikiwa khanga mpya karibu na soketi. Majirani walipita mmojammoja kuitazama ikila. Mzee Halfani, aliyefuga mbuzi maisha yake yote na kuwaelewa kuliko alivyowaelewa wakwe zake, alichuchumaa mbele ya kile kitaa chekundu cha chaji.

"Anakula vizuri," akasema. "Tena kimyakimya. Ana adabu."

Yunusi alipokuwa bafuni alisikia bibi na mjukuu wakicheka chumbani. Akadhani wamefurahia kompyuta. Akajimwagia maji, akapiga mluzi.

Asubuhi laptop iliamka nzima. Zuhra akaandika jina lake, kila mtu akapiga makofi. Bi Mwanaheri akafungua pindo, akamhesabia Yunusi laki mbili, na juu yake akampa kikapu cha mihogo.

"Sasa nikufungieni vizuri," Yunusi akasema. "Vumbi ni adui."

Akaingia nayo chumbani. Akatoka na gamba lililozungushiwa nailoni na gundi ya karatasi, safi kama zawadi ya harusi. Ile nzima ilikuwa begini mwake.

"Isifunguliwe mpaka jioni. Ipumzike."

"Jioni? Hapana, baba, hujaagana naye." Bi Mwanaheri alikwisha kuanza kubandua gundi. "Mwenyewe humshika kichwa mnyama akiwa macho, akamwambia hapa ndipo kwako. La sivyo atakufuata."

Wakaifunua. Haikuwaka. Zuhra akabonyeza, akabonyeza tena. Wakaichomeka kwenye umeme, kitaa hakikutokea. Bi Mwanaheri akaigeuza chini juu, akaitazama tumbo, akaifuta kwa pindo la khanga, akairudisha polepole. Zuhra alifungua kinywa, bibi akamshika goti.

"Betri imechoka na safari," Yunusi akasema. Shati lake lililosimama lenyewe lilikuwa limeanza kukaa chini. "Nipeni niirudishe Nachingwea, nitaitengeneza."

"Wacha!" Mzee Halfani akanyanyua fimbo. "Huyo haumwi. Huyo amegoma. Jana alikula na pacha wake yumo humu ndani, leo kaona pacha anaondoka. Mbuzi wangu mweupe alifanya hivihivi. Ukimrudisha mara moja, kila siku atarudi."

"Sasa dawa yake?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Aachiwe mwenzake. Siku chache tu, mpaka apazoee."

Watu wote wakageuka kulitazama begi la Yunusi. Walilitazama kwa huruma nyingi.

"Lakini... mteja wa Mtua..."

"Mteja wa Mtua ni mtu kama sisi, ataelewa," Bi Mwanaheri akasema kwa upole. "Au kama ni vigumu, baba, hakuna ubaya. Turudishie hela, uchukue pacha wako wote wawili, uende salama. Hatutakulaumu. Hapa ulikula vizuri, ukalala vizuri, yametosha."

Mlango ulikuwa wazi, tena umefunguliwa kwa mikono miwili. Mtu mwenye akili angepita hapohapo. Lakini laki mbili zilikuwa tayari zina joto mfukoni mwa Yunusi, na kichwa chake kilipiga hesabu upesi: Alhamisi nitarudi, nitasema ile nzima ndiyo ya Mtua, nitaichukua, na hela ninayo. Akatoa laptop nzima begini, akaiweka kando ya gamba.

"Nitarudi Alhamisi."

"Karibu sana. Chukua na ndizi za njiani."

Alhamisi Yunusi alifika Nanganga kabla ya jua kuwa kali. Alimkuta Zuhra barazani, anachapa kwa vidole vyote kumi. Gamba lilikuwa limelazwa kwenye khanga pembeni, limefunikwa mpaka shingoni.

"Alhamdulillahi, naona zimezoea," akasema Yunusi. "Nimekuja kuchukua yangu. Ni hiyo anayochapia Zuhra."

"Hapana, baba. Yako ni huyu mgonjwa."

"Bibi, umezichanganya. Zinafanana."

"Zinafanana, ndiyo maana mnyama hutiwa alama siku ileile anapofika." Bi Mwanaheri akamfanyia mjukuu wake ishara. Zuhra akaifunika kompyuta, akaigeuza. Chini, pembeni, palikuwa na kitone kidogo cha rangi nyekundu ya kucha. "Tulimtia ulipokuwa unaoga. Ndiye huyu aliyekula, akalala, akaamka, nikakulipa. Ulisema kweli, baba, ni pacha, tena walifanana sana mpaka wakabadilishana mahali. Mapacha ndivyo walivyo, wana utundu."

Yunusi akakisugua kitone kwa kidole, hakikutoka.

Bi Mwanaheri akamvutia kigoda, akamwekea uji. Alipoinama akateremsha sauti.

"Huyu wako tulimfungua kidogo, usikasirike. Tulimkuta na jiwe tumboni. Maskini, ndiyo maana alikuwa hali." Akaingia ndani, akatoka na kile kifurushi cha kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa. "Jiwe lako hili. Mali ya mtu hailiwi. Mzee Halfani sijamwambia, ana fimbo na moyo mwepesi. Kunywa uji, mwanangu, usiondoke na njaa."

Akanywa. Ulikuwa na karanga. Hakuna uji uliowahi kumshuka mtu kwa shida kama ule. Alipoondoka alifungiwa kuku mmoja jike, anayetaga, ili nyumbani kwake pasiwe patupu. Mpaka kona ya njia alimwona bibi akimpungia.

Ijumaa akasimama mbele ya Kornel, dukani Nachingwea. Kwenye meza aliweka laki mbili, gamba, na kuku.

Kornel alihesabu hela. Haikufika hata nusu ya bei. Akaliinua gamba, akalitikisa sikioni.

"Hii imefanywa nini?"

"Imegoma," Yunusi akasema kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na nguvu ya uongo mwingine, akamsimulia yote, kuanzia chai mpaka uji.

Kornel alicheka mpaka akaizima mashine ya kopi. Alipomaliza akafuta macho, akachukua hela, akamsukumia Yunusi kuku wake, akatoka nje. Pikipiki ya rehani ilikuwa imeegeshwa chini ya upenu. Akaongeza kufuli la pili kwenye gurudumu, akaipapasa tangi.

"Hela iliyobaki utaileta taratibu, ndugu yangu, sina haraka," akasema. "Na hii usiipeleke popote. Imekunywa mafuta hapa, imelala hapa, imeamka nzima. Ukiirudisha leo kwako, itagoma."