Malalamiko Dhidi ya Mtaalamu wa Lishe Anayepima Ndoo za Taka

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kutafakari nikiwa nimekaa, napenda kukutaarifu rasmi kwamba sufuria kubwa ya nyumbani kwangu, iliyopika nyama kwa miaka kumi na tisa bila kutoboka wala kunung'unika, tangu Jumatatu inaloweka kunde. Hapakuwa na hafla ya kuiaga.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na lango lako la nyuma, kwa hiyo anayeingia amepinda na kutoka amenyooka namwona, na wa kinyume chake namwona pia. Shule sikufika mbali, lakini magazeti ya kufungia nguo za wateja huwa nayasoma yote kabla ya kufungia. Nakuandikia kwa sababu umebandika tangazo ukutani kwamba hadi Ijumaa unapokea maoni ya wananchi, upate kuamua kama mtaalamu wa lishe, yule binti tuliyempachika jina la Binti Kunde, abaki kliniki au ahamishiwe makao makuu akajaze fomu. Nami maoni ninayo. Nayapanga kwa namba ili yasikanyagane.

1. Anauliza habari za wasiohusika. Nilikwenda kwake na sukari yangu na presha yangu, vitu viwili nilivyovipata kwa jasho langu mwenyewe. Badala ya kunikemea kama wenzake waliomtangulia, alivuta kiti akaniuliza nyama ninayokula inatoka wapi, imesafirishwa kutoka umbali gani, na yule ng'ombe alikunywa maji kiasi gani mpaka akafika kwenye sahani yangu. Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi na marehemu hatukuwa tukifahamiana. Hakucheka, aliandika, akaendelea na mito, misitu, mvua na wajukuu wa kesho. Nikamkumbusha kwamba mgonjwa ni mimi, mto haujalazwa. Akasema, "Baba, mto ukilazwa, dawa zako utamezea nini?" Mheshimiwa, hilo si jibu la hospitali. Hilo ni jibu la mama mkwe.

2. Ndoo. Kila mgonjwa wa kliniki ya Jumatano sharti aje na ndoo ya taka za jikoni kwake, za siku moja, imefunikwa. Kabla hajakupima wewe, anapima ndoo, kwenye ule mzani mkuukuu wa watoto mliokwisha kuustaafisha. Anasema ndoo ni mkweli kuliko mwenye ndoo. Sasa nani anataka mifupa yake ya jana ijulikane na benchi zima? Basi tukaanza kuazimana taka. Mwalimu mmoja mstaafu mtaani kwetu ana taka za heshima: maganda ya karoti, kikonyo cha kabichi, maganda ya njegere, na zote hazijazi viganja viwili. Nikaziazima. Sikujua, mpaka tulipokutana kliniki, kwamba kinyozi wa mtaani naye kaziazima hizo hizo. Alipimwa yeye kwanza, akatoka, akanipokeza ndoo nyuma ya mlango. Binti Kunde akafunua, akachokonoa kwa penseli, akasema, "Karibu tena." Hakuniambia mimi, aliiambia kabichi. Kinyozi kutoka nje akapaza sauti: "Daktari, kabichi zote ni ndugu!" Kwenye kadi yangu pakaandikwa: "Familia hii haitupi chakula chake. Inatupa cha mwalimu." Kadi ile ni waraka rasmi, wajukuu zangu wataisoma.

3. Hajakataza nyama. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Angekataza ningejua la kufanya, maana nimekatazwa mengi tangu utotoni na yote nimeyamudu. Yeye aliniambia nichague mwenyewe siku moja au mbili za nyama kwa wiki, zilizobaki nile maharage, dengu, choroko na mboga za majani. Nichague! Nikachagua Jumatatu. Asubuhi yake nikaona nimefanya haraka, nikaisogeza Jumatano. Jumatano nikafikiria, je, wakija wageni Ijumaa? Ijumaa hawakuja. Nikaihifadhi kwa Jumapili, na Jumapili nikaona aibu kuitumia siku niliyoitunza wiki nzima. Mheshimiwa, nilimaliza siku saba bila kipande cha nyama na hakuna mtu wa kumlaumu. Ukatili gani huu?

4. Ameingia jikoni kwangu bila kupiga hodi. Kwa miaka mingi mama watoto amekuwa akinisema habari za chumvi na mafuta, nami nikimjibu kwa upole, "Wewe si daktari." Hoja inaisha, tunakula. Sasa amempata daktari. Tena daktari mwenyewe hamfundishi, anamuuliza: mama yako aliunga vipi kunde, aliziloweka kwa muda gani, yale maji ya kulowekea aliyapeleka wapi? Mke wangu alikuwa hajaulizwa swali la maana kwa muda mrefu, mimi mwenyewe ni shahidi. Siku hizi wanapigiana simu. Nikiingia sebuleni mama watoto ananyamaza, na simu nayo inanyamaza. Juzi nikalalamika kwamba maharage yananijaza gesi. Akanijibu bila kugeuka, "Gesi ulikuwa nayo kabla ya maharage, baba, ila ilikuwa inatokea mdomoni."

5. Amenivunjia chama. Kaka yake mama watoto, yaani shemeji yangu, ndiye mwenye bucha ya pale kona. Aliposikia yaliyonipata alijifunga aproni yake akaniambia, "Shemeji, wewe tulia, mimi naenda kumnyoosha." Akaenda na hoja tatu na mguu wa mbuzi kama kielelezo. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi hoja hakuwa nazo, na kesho yake benchi tulilokuwa tukikalia pale bucha aliliondoa akaweka magunia manne ya mikunde. Namuuliza, "Shemeji, wamekuroga?" Ananiambia, "Umeme ukikatika, choroko hazinuki." Nyama bado anauza, lakini kidogo, na ya mnyama wa zizi la hapa karibu ambalo yeye mwenyewe huenda kulikagua. Naona siku si nyingi ataanza kunitajia na majina ya hao wanyama.

6. Ameharibu taaluma yangu. Ninalo daftari la viuno vya mtaa mzima, vya miaka kumi na miwili, vimeandikwa kwa penseli kali. Lilikuwa hazina. Mkandarasi wa barabara alikuwa inchi arobaini na sita, ungeweza kukiapia kiuno kile. Mwezi uliopita suruali niliyomshonea ilimvuka mbele ya vibarua wake, akiwa ananyoosha mkono kuwaonyesha pa kuchimba. Alinijia juu kama moto wa makumbi: "Fundi gani wewe usiyejua kupima?" Nikampima upya. Arobaini na moja! Akatazama tepu, akanitazama, akakaa kwenye kigoda akaniomba maji. Toka hapo sishoni, napunguza. Nikimaliza huyu, yule amesharudi. Kwa hesabu yangu, mambo yakienda hivi hivi, baada ya miaka saba mtaa huu hautakuwa na kiuno hata kimoja, na suruali itabidi watu wazitundike mabegani.

7. Amefukuza ulinzi. Makombo ya jiko la hospitali yako yalikuwa yakimwagwa kwenye mtaro ulio mbele ya kibanda changu. Mbwa saba walilala hapo wakilinda cherehani zangu, hawajaomba posho hata siku moja. Binti Kunde, baada ya kumaliza ndoo zetu, akageukia ndoo zako. Akakuta wagonjwa wanarudisha nusu sahani, akawauliza kwa nini (ni kawaida yake), akabadilisha mapishi, akapunguza upakuaji, na maganda akayapeleka kwenye shimo la mboji nyuma ya chumba cha dobi. Sasa wagonjwa wanamaliza. Mtaro umekauka. Mbwa wamehama, nzi wamewafuata, na mimi nimeachwa na hewa safi ambayo sikuiomba na wala sijui niifanyie nini.

Nimejitahidi kumpata mtu wa kuniunga mkono. Nilimwendea mwalimu mstaafu, nikidhani ana kinyongo kwa taka zake kutumiwa vibaya. Akaniambia ameanza kuzitunza maalumu kwa ajili ya kliniki, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kupata alama za juu namna ile.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo matatu. Kwanza, huyu binti ahamishiwe makao makuu haraka, kwenye makabati na mafaili, mahali pasipo na jiko hata moja. Pili, tuletewe mtaalamu wa mtindo wa zamani, atukemee dakika tatu, atupe karatasi yenye picha ya samaki, atuache tuendelee kufa kwa utaratibu tuliouzoea. Tatu, itamkwe kwa maandishi kwamba kazi ya mtaalamu wa lishe inaishia kwenye ngozi ya mgonjwa. Mito, misitu, mvua na wajukuu wa watu wengine vitafutiwe kliniki yao, na foleni yao, na wao wakae hapo waone.

Naishia hapa kwa kuwa karatasi imefika ukingoni, hoja bado zipo. Nisalimie wauguzi wote wa zamu ya asubuhi, na yule mama wa dirisha la dawa ambaye hukohoa kwanza kabla ya kutuambia zimekwisha. Msalimie mlinzi wa lango, mwambie shati lake liko tayari tangu wiki iliyopita, nimelipunguza pande zote mbili. Na nyumbani kwako wote wakubwa kwa wadogo, nawatakia hamu ya kula.

Wako kutoka ng'ambo ya lango,
Fundi Cherehani

Baada ya sahihi: Barua hii niliahidi kuiandika mbele za watu, siku nilipokuwa bado na hasira, na sipendi kuitwa kigeugeu, ndiyo maana nimeileta. Ila usishangae kukuta karatasi tatu zimebanwa nyuma yake kwa pini za cherehani. Hayo ni maombi ya mtaa kwamba Binti Kunde asihamishwe, na kwamba apewe mzani mpya. Wamesaini watu mia moja na kumi na wawili. Niliombwa niyaandike mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Sahihi ya kwanza ni yangu.