Mkata Mikia wa Alicudi

Jumatatu, 8 Septemba 1958

Ngazi mia nne na kumi na mbili toka ufukweni hadi kwenye matuta ya Mzee Onofrio, mwajiri wangu. Leo nimezipanda mara tisa, mawe mgongoni. Msimu wa tatu huu nawajengea watu wa Alicudi kuta, na kisiwa bado kinaporomoka. Gaspare mvuvi kakataa tena kuniazima nyumbu wake. Eti mnyama huyo ana heshima zake.

Jumapili ya tarehe 21 binti yangu Agatina anaolewa, kwetu milimani, huko bara. Nimemwahidi nitamshika mkono hadi madhabahuni. Onofrio sijamwambia. Mwaka jana nilimwomba ruhusa kwa ajili ya jino, akanipa punje ya karafuu na jiwe lingine.

Mezani walikuwa wakimkumbuka marehemu Nardo, aliyekata mikia. Mkia ni ile nguzo ya maji inayoning'inia toka wingu hadi baharini, ikizunguka. Ikikuta mashua, mashua huioni tena. Nardo alikuwa na kisu na maneno ya siri, yanayofundishwa mkesha wa Krismasi tu. Kafa Juni, hakumwachia mtu. Nikasikia mdomo wangu ukisema bibi yangu alinifundisha. Gaspare akauliza huko milimani tulikuwa tunakata nini, supu? Nikatazama mbali. Nikaongezewa samaki.

Jumanne, 9 Septemba

Ushindi! Onofrio ameniondoa kwenye mawe. Kazi yangu ni kukaa kwenye mwamba wa Nardo na kuangalia bahari. Mawe yangu sasa anayabeba nyumbu wa Gaspare. Gaspare naye anabeba.

Nilipoona wanaamini mno, niliogopa kidogo, nikasema huenda nimesahau maneno. Onofrio akatikisa kichwa kwa heshima. Nardo naye, kasema, alikana kuwa anayajua hadi kaburini.

Bi Santina, mjane wa Nardo, kaniletea tini na kisu cha mumewe. Alinitazama muda mrefu. Nikala tini.

Alhamisi, 11 Septemba

Mgongo hauumi. Badala yake nawaza. Mtu akiwa na mawe hana nafasi ya kuwaza. Agatina alikuwa na miaka kumi na sita nilipoanza kuja huku. Sijui sasa anacheka vipi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mkia umekuja.

Mashua nne zilikuwa nje, Onofrio katika moja, Gaspare katika nyingine. Bahari ikawa nyeusi kama sufuria. Wanawake walishuka ngazi mbio, wakasimama nyuma yangu. Kukimbia hakukuwezekana, walikuwa wameziba njia.

Nikanyanyua kisu. Maneno sina. Nikanong'ona majina ya waalikwa wa harusi, nyumba kwa nyumba, toka kanisani hadi kisimani. Nikakata hewa mara tatu. Nilipofika kwa mshona viatu, mkia ukawa mwembamba, ukakatika.

Wamenibusu mikono. Gaspare alipofika nchi kavu alikaa mchangani. Mimi nilikwenda nyuma ya mwamba nikamalizia majina yaliyobaki.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya meli. Hapa hakuna gati. Onofrio ndiye anayewapeleka abiria melini kwa makasia. Nilishuka na kifurushi na viatu vizuri, nikamwambia naenda kwa daktari wa kifua. Hakushika hata kasia. Kasema mikia yote huja mwezi huu, na kifua kitapona kwa maziwa ya mbuzi.

Nikakiri. Mbele ya watu wote. Sijui neno hata moja, bibi yangu alijua kutengeneza jibini tu.

Wakavua kofia.

"Sawasawa na marehemu," alisema Gaspare, machozi yakimlengalenga.

Meli ikapiga honi, ikaondoka.

Ijumaa, 19 Septemba

Bi Santina alikuja mwambani, akakaa.

"Nardo alikuwa na maneno saba, mwanangu. Wewe ulitaja kijiji kizima. Ni akina nani wale?"

Nikamwambia habari za harusi. Aliniuliza kama Onofrio anajua. Nikasema atajuaje, mpango wangu ulikuwa mzuri.

"Ana mabinti watano yule. Angekupeleka kwa makasia yake hadi bara."

Tulitazama bahari. Nilimuuliza kama maneno saba yalifanya kazi kweli. Kasema wake za wavuvi hawaulizi hilo.

Jumamosi, 20 Septemba, melini

Nimeondoka, kwa meli ya Jumamosi! Bi Santina kamweleza Onofrio habari za harusi, kachukua kisu na zamu ya mwambani. Onofrio alipiga makasia kwa hasira, akisema mjinga mimi, mjinga wa milimani, kwa nini sikusema? Kisha akanipa mtungi wa kapari, vitumba vya maua vilivyotiwa chumvi, kwa bi harusi. Gaspare alinibebea kifurushi ngazi zote. Yeye mwenyewe, si nyumbu.

Jioni tunafika bara. Alfajiri napanda basi. Adhuhuri nitamshika Agatina mkono. Kuanzia leo nitasema kweli tu.

Njaa. Mpishi wa meli kasema chakula ni cha wafanyakazi peke yao, akaniuliza kazi yangu. Nilikuwa na punje ya karafuu mfukoni tangu mwaka jana. Nikasema naponya meno.

Nimeletewa tambi, bakuli zima. Nahodha anateseka na jino wiki ya pili, anashuka ngazi sasa hivi, kashika shavu. Mpishi anasema nahodha ameapa: nikimponya, hataniacha nishuke meli hii kamwe.

Sijawahi kusifiwa hivyo. Nimeomba anisogezee taa.