Malalamiko Dhidi ya Saa Inayoiamsha Pampu ya Mangobo

Mangobo, Kisangani

Kwa Ingénieur Israël, msimamizi wa pampu ya maji ya mtaa wetu

Ndugu Ingénieur,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa nina hasira nawe. Ni mimi Papa Néhémie, mlinzi wa pampu. Zamani kompyuta ndogo inayoiendesha pampu ilipoganda, mimi ndiye niliyekimbia kuizima na kuiwasha tena, na akina mama bombani wakanishangilia kama mtu aliyefunga bao. Tangu uifunge ile saa ya ulinzi, raha yangu imekwisha. Naomba uiondoe, kwa sababu hizi:

1. Haina adabu. Ulinieleza mwenyewe kwamba kompyuta lazima iipe saa ishara kila mara kuonyesha iko macho. Ikinyamaza mpaka muda uishe, saa inaizima na kuiwasha upya bila kumwuliza mtu. Nikisikia maji yamekatika, bado natafuta viatu, tayari yamerudi. Ingeningoja hata nivae!

2. Haifanyi uchunguzi. Kompyuta inaganda, inaamshwa, inaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Hata kujieleza haijielezi. Mimi nikisinzia kidogo tu, kamati nzima ya maji inaniita nijieleze.

3. Juzi Mama Virginie, muuza samaki, alinipita na bidoni lake la maji akasema: "Papa Néhémie, lala tu, machine iko inajiamusha yenyewe." Wote wakacheka. Nilicheka pia, lakini niliumia.

4. Tukinyamaza, kesho saa kama hii itafungwa kwenye ofisi zote za mji zilizoganda. Makarani wataamka kwa pamoja, mihuri itagongwa siku hiyo hiyo, na wananchi watapata mshtuko wa moyo. Nani atawajibika?

5. Hili ndilo kubwa. Kompyuta ikinyamaza kidogo tu, kuna kitu kinachoshtuka. Mimi, tangu mke wangu Agathe afariki, naweza kunyamaza Jumapili nzima na hakuna anayeshtuka. Je, chuma kina thamani kuliko mtu?

Nikitumaini utaichomoa saa hiyo haraka, nakutakia kazi njema. Nisalimie Madame Élise, watoto, majirani zako wote, na fundi aliyekusaidia kuifunga, hata yeye.

Mlinzi wako, bado niko kazini,
Papa Néhémie

N.B. Barua hii imechelewa kwa sababu malaria iliniangusha kabla sijaituma. Nililala ndani siku kadhaa, hata mlangoni sikuweza kufika. Nikiwa kitandani nilisikia pampu ikiganda, ikaamka, maji yakatoka, na hakuna aliyegundua kwamba mlinzi hayupo. Basi iache saa mahali pake. Bila hiyo watu wangekosa maji. Ila kama unayo nyingine, naomba uifunge kwangu. Si lazima iwe ya umeme. Mtu apite tu asubuhi, abishe hodi. Nisipoitika, asione haya, avunje mlango.