Njia ya Thripp, Maili Kumi na Nane

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Halmashauri ya kijiji chetu cha Nether Wilcote imekata shauri: njia moja ya baiskeli za milimani itawekewa vibao na kuingia kwenye ramani mpya. Moja tu. Tumejitokeza wawili. Mimi, Roland Thripp, umri hamsini na tisa, niliyeuza makufuli na bawaba kwa miaka thelathini na sasa nimestaafu nikiwa bado na mapaja ya kijana. Na Audrey Blenkin, sitini na nane, nesi mstaafu, mwenye baiskeli ya tangu enzi hizo, yenye kikapu mbele. Kikapu!

Jumamosi klabu ya waendesha baiskeli itatoka mjini kuja kuzijaribu. Yangu asubuhi, yake mchana. Nimeshaanza kumwonea huruma.

Nimeichora njia yangu kwenye meza ya jikoni. Inapanda Kilima cha Hadlow upande wake mkali, inafuata mgongo wake, inashuka kwa kishindo kwenye msitu wa mialoni. Glenda, mke wangu, mwenye mkahawa wa chai karibu na kanisa, aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza mbona mstari haupiti mlangoni pake. Nikamweleza kwamba njia ya kishujaa haipindwi kwa ajili ya keki. Akarudi kwenye unga wake. Bila shaka ameelewa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeipima njia. Mafanikio makubwa, ukiacha mambo madogo madogo.

Jambo dogo la kwanza: mnyororo ulikatika nusu ya mlima. Nikaunga. La pili: mvua. La tatu: Audrey. Nilikuwa nimeshuka kukagua udongo (sikuwa nimechoka, nilikuwa nakagua udongo) alipotokea nyuma yangu, amekaa wima kwenye kiti kama yuko kanisani, anakanyaga bila haraka. Kikapuni ana mkate na magazeti. Akapita. "Polepole, jirani," akaniambia, "mlima hauhami!"

Nikarukia baiskeli nimfuate. Hapo ndipo likatokea jambo dogo la nne, yaani kona, na la tano, yaani majani ya kuwasha, marefu kuliko mimi. Nimerudi nyumbani nimevimba pande zote. Glenda amenipaka dawa, na muda wote mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Njia ni bora kabisa. Kona nitaieleza vizuri Jumamosi.

Alhamisi, 12 Juni

Kikwazo cha kipuuzi. Katikati ya njia yangu kuna yadi mia tatu zinazokatiza shamba la mfugaji Meredith, na mshale kwenye nguzo pale ni wa njano. Kila mtu anajua: wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli. Yadi mia tatu! Nikizizunguka napoteza mgongo wote wa kilima.

Nikaenda kwa Meredith mwenyewe. Nilimkuta anakaza waya wa uzio. Nilimpa hotuba nzuri sana kuhusu maendeleo ya kijiji. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akasema hapana. Akaongeza kitu kuhusu Jumamosi na kondoo, lakini wakati huo nilikuwa tayari nafikiri.

Jioni Glenda alikuwa amekaa peke yake mkahawani, keki nzima mbele yake, haijakatwa. Akasema kama kiangazi kitakuwa kama hivi, Septemba atafunga, awarudishie funguo wenye nyumba. Miaka kumi na tisa anaendesha pale. Nikamfariji. Nikamwambia Njia ya Thripp ikipata jina, watu watamiminika kutoka kila pembe ya Uingereza.

"Watamiminika wapi, Roland?" akauliza.

"Kilimani!"

Akaanza kupanga viti juu ya meza. Sijui kwa nini wanawake hawapendi habari njema.

Ijumaa, 13 Juni

Suluhisho limepatikana. Ni rahisi mno, naona aibu kwamba nimechelewa siku nzima.

Stoo kulikuwa na nusu kopo la rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka bafu. Mshale una ukubwa wa kiganja. Brashi moja, dakika nne. Sijamdhuru mtu. Mshale ni uleule, unaelekea kulekule; nimebadilisha mawazo yake tu.

Kazi safi. Rangi imeingia kidogo kwenye kofia, suruali na sikio. Nimemwambia Glenda ni matunda ya mwituni. Akaniuliza ni matunda gani huiva mwezi wa sita yakanuka rangi ya bafu.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika ukweli mtupu, kwa sababu kijijini watu wanatia chumvi.

Saa tatu asubuhi walifika kumi na mmoja, mavazi ya kung'aa, baiskeli za maana. Kiongozi wao ni binti mmoja mrefu, Imogen Sproston, magoti yana makovu kama ramani. Mwenyekiti wa halmashauri naye alikuwepo, kwenye baiskeli ya kuazima. Niliwaongoza. Mlima ulituheshimu. Nilishuka mara tatu tu kukagua udongo.

Tukafika kwenye mshale. Imogen akasimama. Akaugusa. Akatazama kidole chake: buluu. Akauliza umepakwa lini. Nikasema halmashauri yetu ni hodari wa matengenezo. Mwenyekiti akanitazama. Akalitazama na sikio langu.

Hapakuwa na nafasi ya mjadala. Nikafungua geti la Meredith, nikapaza sauti: "Twendeni! Acheni geti, msipoteze mwendo!" Tukaporomoka.

Mbele, nyuma ya mwinuko, walikuwa kondoo. Wote. Meredith alikuwa amewakusanya tangu alfajiri kwa ajili ya kukatwa manyoya, mia mbili na arobaini, alibakiza kufunga zizi tu. Kumbe ndilo lile neno la Alhamisi. Kondoo wakaona watu kumi na watatu wanawashukia kwa magurudumu. Wakagawanyika kama maji. Wakatupita kushoto na kulia, wakaliona geti, wakatoka, wakateremka kuelekea barabara kuu.

Sauti ya Meredith ilisikika bonde zima. "We Thripp! Miaka thelathini umeuza makufuli, na geti hujui kufunga!"

Nilikuwa karibu kutoa amri wakati Audrey alipotokea chini, barabarani, anasubiri zamu yake ya mchana. Akalaza baiskeli yake katikati ya barabara kuu kama kizuizi. Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi ambao sikujua manesi wanaufahamu. "Ninyi wanne, kulia! Wanne, nyuma yao! Binti, pita kwenye kinu cha unga uwatangulie! Roland, jirani, wewe simama tu hapo usiguse kitu!"

Wakawaswaga kwa baiskeli. Kupitia kichochoro cha kinu, wakavuka mto pale penye maji ya magotini, wakapanda kupita mashamba ya maharage, mpaka uani mwa kanisa, penye ukuta na geti. Geti alilifunga Audrey mwenyewe. Vijana walikuwa wamelowa, matope mpaka kwenye meno, wanacheka kama wendawazimu. Imogen alisema hajapata asubuhi kama ile maishani.

Na njia hiyo yote, kwa bahati tu, ndiyo njia ya Audrey. Na kanisa liko jirani na mkahawa.

Nilipofika nikiwa natembea (nilikuwa nakagua barabara), foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Keki zimekwisha, skonzi zinaokwa mara ya tatu. Meredith amekaa dirishani na kipande chake cha tatu, anawachunga kondoo kwa jicho moja. Glenda nywele zimemfumuka, unga kwenye pua, anacheka na kila mtu. Sikumbuki lini nilimwona akicheka hivyo. Nikavaa aproni nikaosha vikombe mpaka jioni. Nimevunja vinne tu.

Jumapili, 15 Juni

Halmashauri imekutana baada ya ibada. Njia ya Audrey imepita kwa kura zote. Hata mwenyekiti, niliyemtegemea. Klabu imeomba kuja kila Jumamosi, na Imogen amemwekea Glenda oda ya skonzi hamsini. Habari za Septemba hazijatajwa tena. Kwa hiyo mpango wangu, ukiutazama kwa jumla, umefaulu.

Nimeamriwa kurudisha mshale rangi yake, na kumshikia Meredith kondoo wote wakati wa kunyoa. Nimemwambia nina uzoefu nao. Akaenda zake.

Lakini sikia heshima niliyopewa! Audrey amekuja mwenyewe mlangoni. Kila Jumamosi nitapanda mwisho wa msafara, nihakikishe mageti yote yamefungwa. Mtu wa nyuma! Wasiojua watadharau. Mtu wa nyuma huwaona wote, na hakuna anayemwona yeye.

Na nimekwisha kugundua kasoro. Baada ya kinu njia inazunguka bure, karibu maili nzima, wakati mtu angeweza kukata moja kwa moja kwenye lile bonde la kijani kibichi. Ramani inasema pale ni kinamasi. Ramani huchorwa na watu waoga. Nitapajaribu kesho, kimyakimya, kisha Jumamosi niwageuze wale wa mwisho wawili watatu, waonje.

Glenda ameniuliza kesho nitarudi saa ngapi. Nimemwambia aniwekee chai saa kumi. Amesema ataweka taulo nje ya mlango, na nambari ya simu ya Meredith, kwa kuwa ana trekta.