Divai ya Kitinda Mimba

Jumatatu, 3 Juni

Leo divai ya kitinda mimba wangu imetimiza wiki tano ndooni. Inapumua! Mpira mwembamba unatoka kwenye mfuniko, unazama kwenye chupa ya maji, na kila nikihesabu hadi kumi, blup. Nimekaa kwenye kigoda nikaisikiliza mpaka maharage yakaungua.

Wengine wanachora, wengine wanaimba. Mimi kila mwanangu namtengenezea divai yake. Ya mkubwa ilikuwa ya nanasi: kali, haina subira, ikarusha kizibo kabla ya siku yake. Na yeye alizaliwa wa miezi minane. Ya wa pili, ndizi. Tamu, nzito, mpaka leo haijasafika. Nampenda hivyo hivyo. Hii ya msichana ni zabibu nyeusi. Nje laini, ndani tamu, ukimng'ata vibaya unakutana na mbegu. Ndiye huyo.

Amesoma! Yuko maabara ya kiwanda cha juisi, anavaa koti jeupe. Koti hilo leo nimelitaja mara mbili tu, sokoni na kwa muuza mkaa.

Jumanne, 4 Juni

Habari kubwa. Msichana kapiga simu. Jumapili ya tarehe 16 mama wa mchumba wake anakuja kututazama. Mwalimu mkuu mstaafu! Kijana alishampelekea wasichana wawili kabla ya wangu, wote wakakataliwa. Mmoja alikuwa mwongo. Wa pili hakuwa na uvumilivu.

Sauti ya mwanangu ilikuwa ndogo. Anampenda huyu kijana, mama mzazi hahitaji kuambiwa. Akaniomba niandae chai tu, na nisijisifu sana.

Chai! Nikamwambia mgeni atakunywa divai yako. Kisha akauliza kama huwa naifungua fungua. Nikasema hata siku moja.

"Mama, hewa ikiingia inageuka siki. Usifungue hata kidogo."

Nimezaa watatu. Kila nikipita nilikuwa nawafunua shuka nione kama wanapumua. Hakuna aliyegeuka siki.

Nimeifungua kuipa habari za mgeni. Nimefunga.

Alhamisi, 6 Juni

Jirani yangu fundi cherehani kaniuliza, pini zimejaa mdomoni, kama ni kweli nitampa mwalimu mkuu maji ya zabibu yaliyolala. Akaongeza kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamuuliza, basi magauni yake yananing'inia barabarani tangu asubuhi yanamsubiri nani? Akacheka mpaka pini zikamwagika.

Lakini neno limenichoma. Nikapata akili. Dirisha langu la jikoni linatazamana na lake. Nimeiweka ndoo dirishani, nikatoa mfuniko kabisa, harufu ikamsalimie. Saa tatu nzima. Mara mbili aliinua kichwa kwenye cherehani yake. Ushindi!

Jumapili, 9 Juni

Nzi wadogo wamehamia jikoni, wote wanazunguka ndoo. Hata nzi anajua kitu cha maana.

Waliofika kuona wiki hii: muuza mkaa, msoma mita, wanawake wawili wa chama chetu, na mke wa kinyozi aliyekuja kuazima ungo. Kila mmoja nimemfungulia, kila mmoja kijiko kimoja. Baba watoto, ambaye ni fundi bomba na ule mpira ni wake, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia mimi sijatia maji hata tone. Akasema sijaelewa methali. Nikampa kijiko. Akakohoa, akatoka kwenda kutengeneza bomba ambalo halijaharibika.

Jumatano, 12 Juni

Haipumui tena. Chupa ya maji kimya. Imekomaa!

Nimeanza kumfundisha baba watoto. Akionja, atazame dari, kisha aseme taratibu, "Inakaa mdomoni." Akajibu kwamba hilo ndilo linalomsumbua.

Mimi nina hotuba. Darasa la saba langu halinitishi. Itaanza na zabibu, ipitie koti jeupe, imalizie na malezi bora, yaani mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Nimechuja. Chupa saba. Rangi yake, jamani! Nimeinua moja kwenye mwanga, nikajiona mtu aliyefanya kitu duniani.

Kisha nikaonja. Machozi yakanitoka.

Nilisema ni furaha. Lakini daftari hili halina msomaji, basi niseme kweli: inauma. Nikatia sukari. Sasa inauma na utamu. Nikatia tena. Nikaishiwa sukari.

Fundi cherehani akaja na glasi sita zenye miguu, kazifunga moja moja kwenye vitambaa vya mabaki. Eti hawezi kuacha niaibishe mtaa mzima kwa vikombe vya plastiki. Nikammiminia. Jicho lake moja likajifumba, likakataa kufumbuka. Akanishika mkono.

"Shoga yangu, mpe chai."

Wivu huo. Lakini sina raha. Ningeweza kuzificha zote saba uvunguni, ila nimeshamwambia kila mtu, mpaka msoma mita. Na mwanangu akimkosa yule kijana kwa sababu ya ndoo yangu, nitamtazamaje usoni?

Jumapili, 16 Juni

Amekuja, na kijana wake na msichana wangu nyuma. Mama mrefu, miwani shingoni kwa mnyororo, sauti ya kunyamazisha uwanja. Mkono wangu ukaenda kwenye birika la chai. Kweli ulienda! Lakini chupa ilikuwa karibu zaidi.

Mgeni akasoma lebo niliyobandika kama anayesahihisha daftari. Akanywa. Akaweka glasi mezani polepole, akaisogeza mbali kidogo. Akauliza hiki ni nini.

Baba watoto akatazama dari kama tulivyofanya mazoezi, akabaki huko huko. Hotuba yangu yote ikayeyuka. Nikaweza kusema tu kwamba ni divai ya mwanangu, nimemtengenezea kwa mikono yangu.

Ndipo msichana akachukua glasi yake. Akanitazama. Akanywa yote bila kupumzika, bila kukunja uso, na huyo ndiye mwenye maabara, anajua alichokuwa anakunywa. Akafuta midomo, akaomba nimwongeze. Akamaliza na ya pili.

Mwalimu mkuu akavaa miwani kumtazama vizuri. Akamuuliza ladha yake ikoje.

"Ni siki, mama," mwanangu akasema. "Lakini ni yangu."

Nilitamani sakafu inimeze. Kisha yule mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani, akamgeukia mwanawe.

"Huyu hasemi uongo. Na anayeweza kumeza hii kwa ajili ya mama yake, sisi atatuweza."

Kijana akaanza kupumua, sikujua kwamba alikuwa ameacha. Mwalimu mkuu akaomba chai. Vikombe vitatu! Nikaingia jikoni kuchemsha maji, nikalia kidogo juu ya birika. Msichana akanifuata, akanikumbatia kwa nyuma. Alinuka siki. Sikusema kitu. Mara moja moja naweza.

Jumatano, 19 Juni

Siku ya harusi imepangwa, na mtaa mzima sasa unajua: divai yangu ndiyo iliyomuoza mwanangu. Mwalimu mkuu mwenyewe aliondoka na chupa. Msichana anasema ni ya kusafishia birika lenye ukoko wa maji ya chumvi. Anaona haya kunisifu mbele za watu, kwa hilo hakunifuata mimi. Fundi cherehani kachukua mbili za kumwagia kabichi, anasema hajawahi kupata siki nzuri kama hii. Mkaidi, lakini mteja ni mteja.

Jana nimeanza ndoo mpya. Ya mjukuu. Bado hajatungwa, lakini divai inataka muda. Tunda damu, lile ambalo hujui kama ni chachu au tamu mpaka uling'ate, kwa sababu sijui atakuwa na tabia gani. Msichana kapiga simu kunikumbusha habari za hewa. Nikamwambia mama yako si mtoto, nimeshafunga mfuniko kwa kamba, mafundo matatu.

Leo nimemfungulia fundi cherehani aone nilivyofunga.