Tume ya Pande Zinazochezeka

Kuanzia mwisho wa Agosti, hakuna raia wa Masisi wala Walikale aliyeruhusiwa kusema kwamba vita ni mchezo bila kibali cha maandishi. Kibali kilitolewa na Tume ya Muda ya Pande Zinazochezeka, mlango wa tatu nyuma ya soko la Masisi, na karani wake alikuwa Papa Théophile, mtu mwenye kalamu mbili za biki mfukoni na muhuri mmoja aliokuwa akilala nao.

Sababu ilikuwa nzito. Kampuni moja ya Ulaya ilitangaza kwenye mtandao kwamba inatengeneza mchezo wa kompyuta juu ya historia ya vita vya Kivu. Mchezaji atachagua upande na kiongozi, atateka vilima, atajenga himaya. Orodha ya pande itatoka mwisho wa Septemba, na mwenye pendekezo alete.

Basi vilima vikachemka! Majenerali sita, ambao kwa miaka saba hawakupatana hata juu ya nani anywe maziwa kwanza, walipatana kwa dakika kumi kwamba jambo hili linahitaji tume. Mikataba tisa ya amani walikuwa wameitia saini bila kuisoma. Kanuni za Tume walizisoma mpaka nukta ya mwisho.

Kanuni waliyoipenda zaidi ilikuwa ya nne, ya salongo. Kila jenerali alikuwa na siku yake ya juma ambayo watu wa kijiji cha Kibabi waliacha mashamba yao wakamfanyie kazi bure. Kanuni ikasema hivi: upande unaochezeka una siku ya salongo, usiochezeka hauna. Waliiweka ili asizuke jenerali wa saba akadai Jumapili.

Siku moja akaingia Mama Kahambu wa Kibabi, aliyekuja zamani kutoka Butembo akafungua duka, likaporwa mara tatu, akabaki na shamba. Matope yalimfika magotini.

"Papa Théo, nakuja kuomba siku moja."

"Siku gani, mama?"

"Yoyote. Siku ya kwanza tuko kwa Jenerali Akilimali, tunabeba mbao. Ya pili kwa Jenerali Nzabandora, tunachimba. Vile vile mpaka siku ya posho, Jumamosi. Siku ya Mungu tuko kanisani. Mvua ilishaanza, mbegu iko mu nyumba. Maharagi tutapanda lini?"

"Usiku?" alipendekeza Théophile, kwa moyo safi.

"Usiku kuna kuvrefe, mutu hatoki inje. Ni weye uliigonga kashe."

Hilo lilikuwa kweli. Théophile alitazama muhuri wake na aibu ikampanda mpaka masikioni, maana maharage ya Kibabi ndiyo aliyokula jana, na wiki mbili zikipita bila kupanda, Kibabi yote italazimika kula mbegu, na baada ya mbegu hakuna kitu.

"Mama, mimi sina siku. Siku iko ya upande."

"Na upande inapatikana wapi?"

"Kwa fomu."

"Lete."

Wakajaza. Jina la upande: Kibabi. Kiongozi: Kahambu. Silaha: jembe. Watu: mia nne na kumi na mbili. "Andika kumi na tatu," alisema mama, "Bibiche alizaa asubuhi." Uwezo maalum: kulisha bantu. Théophile alicheka mpaka machozi, lakini fomu iliyojaa lazima ipigwe muhuri, ndivyo alivyolelewa kazini. Akaipiga.

Fomu za majenerali zilikuwa nene. Akilimali aliandika kwamba anaweza kuonekana Mushaki na Walikale kwa wakati mmoja. Nzabandora alidai pikipiki yake, ndani ya mchezo, isikwame matopeni. Penye swali la raia wanaolisha kundi, kila mmoja, asije akaonekana mdogo kuliko wenzake, aliandika: kijiji cha Kibabi, chote. Théophile aliona kwamba kijiji kimoja kimeandikwa mara sita. Lakini kanuni hazikumwagiza kujumlisha, akazituma Ulaya fomu zote saba.

Siku ya orodha lilisimikwa hema. Majenerali wakakaa mbele na miwani myeusi, raia nyuma wakisimama. Théophile alipanda kilima cha kanisa, mahali pekee penye mtandao, akapokea barua kwa simu, akarudi hemani na kuisoma kwa sauti ya serikali.

"Tumepokea mapendekezo saba. Katika eneo lenu upande unaochezeka ni mmoja: Kibabi. Kiongozi: Kahambu."

Akasogeza kidole kwenye simu, akaendelea.

"Makundi mengine sita hayalimi, hayana raia wao, na yote yanakula kijiji kimoja. Kwa hiyo yamewekwa katika majanga, pamoja na mvua ya mawe na ugonjwa wa migomba. Mchezaji hawezi kuyachagua. Yanamtokea tu."

Akilimali alivua miwani. "Miye niko janga?"

"Namba ya tatu, Excellence. Nyuma ya mvua ya mawe."

"Na miye?" aliuliza Nzabandora.

"Ya tano."

"Ya tano! Juu ya nini yeye iko mbele yangu?"

Mikono ilikwenda kwenye bunduki. Lakini umpige nani? Kampuni iko Ulaya. Théophile, jasho likimtiririka, aliendelea kusoma: kiongozi wa upande unaochezeka anaruhusiwa kupendekeza washirika, nao wataingizwa mchezoni. Bunduki zikashuka. Vichwa sita vikageuka nyuma, vikamtafuta Mama Kahambu.

"Kanuni ya nne inasema nini?" aliuliza yeye.

Théophile aliisoma.

"Basi siku zote sita njo zangu. Mwenye anataka kuwa mushirika, kesho asubuhi, kila mutu na jembe yake."

Wakaja, jamani! Wakaja na walinzi wao, na miwani. Mama Kahambu alipita katikati ya mistari.

"Excellence, punje mbili kwa shimo moja, haiko kumi."

"Mama, miye niko jenerali," alisema Akilimali.

"Njo maana nakufundisha polepole."

Siku ya kumi Kibabi yote ilikuwa imepandwa. Théophile alikuja shambani, akamvuta mama kando na kumnong'oneza, maana katika miaka ishirini ya ukarani hakuwahi kufanya jambo kama hilo.

"Mama, ile barua ilikuwa na mustari moja ya mwisho. Sikuisoma. Mulango ya kuleta washirika ilifungwa ile siku ya orodha, saa kumi na mbili ya jioni."

"Wanajua?"

"Hapana."

Mama Kahambu aliitazama migongo sita iliyoinama, jasho limelowanisha nyota za mabegani.

"Usiwaambie bado," alisema. "Kuna kupalilia."